Waya Usiolala: Njia ya Simu ya Serikali Peke Yake

Mlio darasani, sogeeni karibu na redio, kila mmoja awe na daftari na kalamu. Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: NJIA YA PEKEE. Nawe uliyepata somo hili kwa maandishi tu, soma polepole. Ukifika penye swali, simama kidogo, ujibu moyoni mwako, kisha uendelee.

Leo tutazungumza juu ya njia ya simu isiyotumiwa na mtu yeyote ila ofisi moja ya serikali na ofisi nyingine iliyo upande wa pili. Tutauliza mambo matatu. Kwanza, njia hiyo ni kitu gani? Pili, kwa nini serikali hulipa fedha kila mwezi kwa kitu ambacho siku nyingi hakina kazi kubwa? Tatu, ni nini kiwezacho kuiharibu?

SIMU YA WATU WOTE

Tuanze na jambo unalolijua. Ni usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, saa sita kamili. Unampigia simu ndugu yako aliye mji wa mbali, umtakie heri. Simu inakataa. Unapiga tena, inakataa. Simu yako si mbovu, wala ya ndugu yako si mbovu. Kilichotokea ni kwamba watu wengi mno wamepiga kwa dakika ile ile.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiri juu ya kijiji chenye nyumba mia mbili na mabomba manne ya maji. Siku zote mabomba manne yanatosha, kwa sababu watu hawaendi kuteka maji wote kwa pamoja. Mmoja huenda alfajiri, mwingine adhuhuri, mwingine jioni. Lakini nyumba zote mia mbili zikitoka na ndoo zao kwa saa moja, patakuwa na msururu mrefu, na wa mwisho atangoja sana.

Simu nazo ni hivyo hivyo. Kila simu imeungwa na kituo cha simu, na kila kituo kimeungwa na vituo vya miji mingine. Lakini njia zilizopo baina ya kituo na kituo ni chache kuliko watu wenye simu. Kampuni ya simu haikufanya hivyo kwa udanganyifu. Imefanya hesabu. Mtu aliyeanzisha hesabu hizo aliitwa Agner Erlang, mtu wa Denmark, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya mji wa Copenhagen. Mwaka 1909 alitoa maandishi yake ya kwanza juu ya jambo hili, na mpaka leo mafundi hupima wingi wa simu kwa kipimo kinachoitwa kwa jina lake, yaani Erlang.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini ni hesabu ya siku ya kawaida. Siku ya mafuriko si siku ya kawaida. Wala siku ya moto mkubwa, wala siku ya vita. Siku hiyo kila mtu hushika simu. Mama anamtafuta mwanawe, mfanyabiashara anauliza habari za mali yake, na mkuu wa zimamoto anaita magari. Katika simu ya watu wote, hawa wote wamo katika msururu mmoja. Waya haujui nani anapiga soga na nani anaokoa maisha.

NJIA YA PEKEE NI NINI?

Basi sasa tuone njia ya pekee. Ofisi ya serikali huenda kwa kampuni ya simu na kusema: "Tukodishieni njia moja kutoka hapa mpaka pale, asiiguse mtu mwingine." Zamani fundi alikwenda kituoni akaunganisha waya wa ofisi ya kwanza na waya wa ofisi ya pili, akauacha umeungwa hivyo, mchana na usiku. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi kwa mitambo ya elektroniki na kwa nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, lakini maana ni ile ile.

Njia ya pekee ina alama nne. Ziandike katika daftari lako.

Moja: haipiti katika mtambo wa kuchagua namba. Mara nyingi hakuna hata namba ya kupiga. Ukiinua simu upande huu, upande wa pili unalia.

Mbili: mgeni hawezi kuingia humo kwa kukosea namba, kwa kuwa namba haipo.

Tatu: hailipiwi kwa dakika. Hulipiwa kwa mwezi, kwa kadiri ya urefu wa njia na wingi wa habari inayoweza kupitisha. Ukiitumia sana au usipoitumia kabisa, malipo ni yale yale.

Nne: ukubwa wake umepangwa. Ipo njia ndogo ya sauti moja tu. Ipo nyingine, ambayo mafundi wa Ulaya na wa nchi zetu huiita E1, iwezayo kuchukua mazungumzo 30 kwa mara moja bila moja kuingiliana na jingine.

Nani huzitumia? Waongoza ndege, ambao hawana budi kusemezana na wenzao wa kiwanja kingine wakati ndege iko angani. Polisi na zimamoto. Majeshi. Hazina na benki kuu, zinapopelekeana habari za fedha. Watabiri wa hali ya hewa, wanaopokea vipimo kutoka vituo vya mbali.

Sasa msikilizaji mmoja atauliza: "Je, huo si upotevu wa fedha? Kulipia njia ambayo wakati mwingi haina neno?" Swali hilo ni zuri. Nitalijibu kwa kisa cha kweli.

SIKU KUMI NA TATU ZA OKTOBA 1962

Mwezi wa Oktoba 1962 dunia ilikaribia vita ambayo huenda ingewaua mamilioni ya watu. Umoja wa Kisovyeti, ambao ulikwisha mwaka 1991 na ambao Urusi ilikuwa sehemu yake kubwa kuliko zote, ulikuwa umepeleka makombora ya nyuklia katika kisiwa cha Kuba. Kuba iko karibu sana na Marekani. Tarehe 16 Oktoba Rais John Kennedy wa Marekani alionyeshwa picha za makombora hayo, zilizopigwa kutoka katika ndege. Tarehe 22 aliwatangazia watu wake habari hiyo, akasema manowari za Marekani zitazuia silaha zisiingie Kuba. Pande zote mbili zilikuwa na mabomu ya kutosha kuiteketeza nchi ya mwenziwe.

Wakubwa hao wawili, Kennedy aliyekuwa Washington na Nikita Khrushchev aliyekuwa Moscow, walitaka kusemezana. Walisemezana kwa njia gani? Hapa ndipo mtu hushangaa.

Tarehe 26 Oktoba Khrushchev aliandika barua ndefu ya kutafuta amani. Ilipelekwa katika ubalozi wa Marekani mjini Moscow. Huko ikafasiriwa kwa Kiingereza, ikageuzwa kuwa maandishi ya mafumbo ili wezi wa habari wasiisome, ikapelekwa kwa simu ya maandishi vipande vipande, na huko Washington ikafumbuliwa tena. Kazi hiyo yote ilichukua muda wa karibu saa 12, yaani nusu nzima ya siku. Ilipokwisha kusomwa Washington, huko Moscow ilikuwa imekwisha kuwa usiku wa manane.

Upande wa pili haukuwa bora. Balozi wa Kisovyeti mjini Washington, Anatoly Dobrynin, aliandika baadaye katika kitabu cha maisha yake jinsi habari zake zilivyokwenda. Ziligeuzwa kuwa mafumbo ya tarakimu. Kisha ubalozi uliita kampuni ya simu za maandishi, naye akaja kijana mjumbe juu ya baiskeli. Kijana akachukua karatasi, akaondoka nayo. Balozi na wenzake walibaki wakiomba moyoni kwamba kijana yule aende moja kwa moja ofisini, asisimame njiani kuzungumza na rafiki.

Hebu simama hapo kidogo, msikilizaji. Habari ya vita au amani ilikuwa mfukoni mwa mjumbe wa baiskeli. Kijana hakuwa na kosa lolote. Alifanya kazi yake. Kosa lilikuwa kwamba serikali mbili zenye silaha kali kuliko zote duniani hazikuwa na njia ya pekee baina yao. Zilikaa katika msururu wa watu wote.

Tarehe 27 ikafika barua nyingine kutoka Moscow, kali kuliko ile ya kwanza. Washington wakachanganyikiwa: waijibu ipi? Waliamua kuijibu ile ya kwanza. Tarehe 28 Khrushchev alikubali kuyaondoa makombora. Na kwa kuwa alihofia kuchelewa, jibu lake lilitangazwa katika Redio Moscow, hadharani, kila mtu asikie. Siku hiyo redio, kama hii unayoisikiliza sasa, ilikuwa na mbio kuliko mabalozi.

WAYA WA WASHINGTON NA MOSCOW

Baada ya hofu ile, pande mbili zilikubaliana. Tarehe 20 Juni 1963 walitia sahihi mapatano mjini Geneva, na tarehe 30 Agosti 1963 njia ya pekee ikaanza kazi.

Tazama ramani kama mnayo darasani. Waya ulitoka Washington, ukapita chini ya Bahari ya Atlantiki mpaka London. Kutoka London ukaenda Copenhagen katika Denmark, kisha Stockholm katika Uswidi, kisha Helsinki katika Finland, ndipo ukafika Moscow. Hawakutandika waya mpya njia yote hiyo. Walikodi nafasi katika nyaya zilizokuwapo tayari, kama nilivyoeleza. Kodi nayo waligawana. Marekani ililipia sehemu ya Washington mpaka London. Wasovyeti walilipia sehemu ya Helsinki mpaka Moscow. Sehemu ya katikati walilipa nusu kwa nusu.

Watu wengi hufikiri kwamba palikuwa na simu nyekundu juu ya meza ya Rais. Hizo ni hadithi za sinema. Haikuwa simu ya kuongea hata kidogo. Ilikuwa mitambo ya kupiga chapa: unaandika upande huu, na karatasi inatoka upande wa pili. Wamarekani waliwapa Wasovyeti mitambo yenye herufi za Kilatini, hizi tunazojifunza sisi. Wasovyeti nao waliwapa Wamarekani mitambo yenye herufi za Kirusi. Kila upande uliandika kwa lugha yake, na mpokeaji alifasiri mwenyewe.

Kwa nini walichagua maandishi wakaacha sauti? Mtu mwenye hasira husema neno, akalijutia kabla halijapoa. Tena mkalimani mwenye haraka huweza kukosea. Lakini maandishi humpa mtu nafasi ya kufikiri kabla ya kuyapeleka, na mpokeaji huweza kuyasoma mara ya pili na ya tatu. Ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika, likumbukeni hilo. Katika jambo zito kuliko yote, wakubwa wa dunia walichagua kuandika.

Maandishi hayo yalifumbwa kwa utepe wenye matundu. Palikuwa na tepe mbili zinazofanana, moja huku na moja kule. Kila utepe ulitumiwa mara moja tu, kisha ukaharibiwa. Ni kama kufuli ambayo ufunguo wake hufungua mara moja, halafu unatupwa. Mtu aliyetega sikio katika waya huko njiani aliambulia takataka za herufi.

KULA ZAMU

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha somo letu.

Siku nyingi wakubwa hao hawakuwa na neno la kuambiana. Je, waya ulilala? La. Kila saa, mchana na usiku, ujumbe wa kujaribu ulipita. Wamarekani walipeleka katika saa za shufwa, yaani saa mbili, saa nne, saa sita na kadhalika. Wasovyeti walipeleka katika saa za witiri, yaani saa moja, saa tatu, saa tano na kuendelea. Hapakuwa na siku ya mapumziko.

Walipelekeana maneno gani? Ujumbe wa kwanza kabisa wa kujaribu, mwaka 1963, ulikuwa sentensi ya Kiingereza juu ya mbweha mwepesi aliyeruka juu ya mgongo wa mbwa mvivu, pamoja na tarakimu zote. Sentensi hiyo haina maana kubwa. Ilichaguliwa kwa sababu ina kila herufi ya alfabeti ya Kiingereza, hivyo herufi moja ikiharibika katika mtambo, itaonekana mara. Baadaye Wamarekani walipeleka vipande vya Shakespeare na vya Mark Twain, na Wasovyeti vipande vya Chekhov. Walichagua maneno yasiyoweza kumtia mtu hofu wala kumtukana.

Basi mtu aliyepita katika chumba kile angeweza kusema: "Tazama, serikali inalipa fedha ili watu wasomeane hadithi." Asingejua alionalo. Njia ya pekee hulipiwa siku zote kwa ajili ya siku moja. Na kwa kuwa hakuna aijuaye siku hiyo, hapana budi ijaribiwe kila siku.

Siku yenyewe ilifika asubuhi ya tarehe 5 Juni 1967. Vita vilikuwa vimeanza baina ya Israel na nchi jirani za Kiarabu. Waziri Mkuu wa Kisovyeti, Alexei Kosygin, alitumia waya ule kumwuliza Rais Lyndon Johnson habari za vita hivyo. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Wasovyeti kuutumia kwa jambo zito kama hilo. Robert McNamara, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, alisimulia baadaye kwamba alishangaa kupigiwa simu yeye. Akaambiwa kuwa waya ulikuwa unaishia Pentagon, yaani wizarani kwake, wala haukufika nyumbani kwa Rais. Akaamuru uendelezwe. Hilo nalo ni fundisho: haitoshi kuwa na njia, ni lazima imfikie mwenye kuamua.

Siku tatu baadaye, tarehe 8 Juni, majeshi ya Israel yaliishambulia meli ya Marekani iitwayo Liberty, wakafa watu 34. Israel ilisema baadaye kuwa ilikosea. Ndege za kivita za Marekani ziliruka kuelekea kule. Manowari za Kisovyeti zilikuwa katika bahari ile ile. Wangeona ndege zinakuja, wangefikiri nini? Johnson alimwandikia Kosygin kwa waya: ndege hizi zinakwenda kuiangalia meli yetu, hazina nia nyingine. Moscow wakapata habari hiyo bila kungoja nusu siku.

Fikiri, msikilizaji. Kama ujumbe ule ungebebwa na kijana wa baiskeli, ungefika lini?

NJIA MOJA HAITOSHI

Tumefika kwenye swali la tatu: ni nini kiwezacho kuiharibu njia ya pekee?

Waya ule wa Moscow ulikatika zaidi ya mara moja. Wakati mmoja mkulima wa Finland alikuwa akilima shamba lake, jembe la trekta likaukata. Wakati mwingine ulikatwa na tingatinga huko Denmark. Hawakuwa wapelelezi. Walikuwa watu kama mimi na wewe, kazini mwao.

Kwa bahati nzuri walioweka njia walilifikiria jambo hilo tangu mwanzo. Walikuwa wameweka njia ya pili ya redio, kutoka Washington kupitia Tangier, katika Moroko, mpaka Moscow. Haikuugusa ule waya mahali popote baharini wala Ulaya. Mwaka 1971 walikubaliana kuongeza njia za setilaiti, na zikaanza kazi mwaka 1978. Mwaka 1986 ikaongezwa mitambo ya kupeleka picha na ramani.

Sasa linganisha na jambo lililotokea New York. Tarehe 17 Septemba 1991 ilikuwa siku ya joto, na kampuni ya umeme iliomba wateja wakubwa watumie umeme wao wenyewe. Kituo kimoja cha simu cha kampuni ya AT&T kikafanya hivyo. Mitambo yake ya umeme ikashindwa, na kituo kikaendelea kwa betri bila watu kujua. Kengele na taa za hatari zilikuwapo, lakini hapakuwa na mtu wa kuziangalia. Baadhi ya wafanyakazi wa zamu walikuwa wamekwenda darasani kujifunza juu ya mtambo mpya wa kengele za hatari. Baada ya muda wa saa kama sita betri zikaisha. Njia za simu za waongoza ndege zilizopita katika kituo kile zikanyamaza. Viwanja vitatu vikubwa vya ndege vya New York vilisimamisha safari.

Njia hizo zilikuwa za pekee, na zililipiwa kwa ukamilifu. Lakini nyingi zilipita katika nyumba moja. Mtu mwenye kamba kumi zilizofungwa katika msumari mmoja hana kamba kumi. Ana msumari mmoja.

Basi andika katika daftari: Njia ya pekee ina uzima ikiwa na mambo mawili. Kwanza, ndugu yake anayepita mahali pengine. Pili, mtu aliye macho.

SIKU HIZI

Leo habari nyingi hupita katika nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Hapa Tanzania ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009. Ofisi za serikali zina mtandao wao unaoziunganisha, ambao unasimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Chombo hicho kilianza kazi mwaka 2012 kikiwa wakala, na sheria ya mwaka 2019 ikakifanya mamlaka.

Si kila ofisi inahitaji waya wake. Yafaa kujua kwamba ziko namna tatu za kuisaidia ofisi ya serikali.

Namna ya kwanza ni njia ya pekee, kama barabara isiyopitwa na gari lingine. Ni ya hakika zaidi, nayo ina gharama zaidi.

Namna ya pili ni kutangulizwa. Barabara ni ya wote, lakini gari la wagonjwa likilia, wengine hukaa pembeni. Marekani inao utaratibu wa namna hiyo: maafisa wa dharura wamepewa namba za siri, na wakizitumia, simu zao hutangulizwa mbele ya nyingine.

Namna ya tatu ni bahasha. Habari hufumbwa, ikapita katika barabara ya wote. Wezi hawawezi kuisoma. Ni rahisi kwa bei, na ofisi nyingi huitumia. Lakini angalia: bahasha huficha maneno, haiondoi msururu. Siku barabara imejaa, bahasha nayo itangoja pamoja na wengine.

Kazi ya viongozi ni kupima. Ofisi ya kuhifadhi makaratasi ya zamani, bahasha yaitosha. Mwongoza ndege je? Mkuu wa zimamoto je? Hapo mtu asihesabu bei ya mwezi tu. Ahesabu pia bei ya nusu siku ya kungoja.

Nawe raia ulipaye kodi, una haki ya kuuliza juu ya njia hizo. Usiulize tu, "Inagharimu kiasi gani?" Uliza pia, "Ikikatika, ya pili inapita wapi? Na nani aliijaribu leo?"

MUHTASARI NA KAZI YA KIKUNDI

Mwalimu, sasa rudi ubaoni. Wote msome kwa sauti: NJIA YA PEKEE. Mara ya pili: NJIA YA PEKEE. Vizuri sana.

Maneno ya kujifunza:
Kukodi: kulipa ili utumie kitu cha mwingine kwa muda.
Kufumba maandishi: kuyageuza ili asiyeruhusiwa asiyaelewe.
Kufumbua: kuyarudisha katika hali yake.
Shufwa: namba zinazogawanyika kwa mbili, kama 2, 4, 6.
Witiri: namba zisizogawanyika kwa mbili, kama 1, 3, 5.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini simu ya watu wote hujaa usiku wa Mwaka Mpya?
2. Taja alama mbili za njia ya pekee.
3. Barua ya tarehe 26 Oktoba 1962 ilichukua muda gani kufika na kusomwa? Kwa nini?
4. Kwa nini walipeleka ujumbe wa kujaribu kila saa?
5. Mkulima wa Finland alikata waya, lakini hapakuwa na hatari kubwa. Kituo cha New York kilizimika, ndege zikasimama. Tofauti ni nini?
6. Katika kijiji au mtaa wenu, pakitokea moto usiku, habari hupita njia gani? Njia hiyo ikishindwa, ipo ya pili?

Kazi ya nyumbani: tunga sentensi moja ya Kiswahili yenye herufi nyingi tofauti kadiri uwezavyo, kama walivyofanya wale wa sentensi ya mbweha. Hesabu herufi zako, kisha umsomee jirani.

Swali la sita lijibuni kwa makini kuliko yote, na mkiona hakuna njia ya pili, msiondoke darasani kabla ya kukubaliana nani atakwenda kwa mwenyekiti kulisema.

Somo la leo limekwisha.